Aliyetaka cha uvunguni na aliyeinamishwa

Nimehudhuria mikutano mingi ya hadhara hapa Kariakoo, ya mwenyekiti wa mtaa, ya mkuu wa wilaya, hata ya mawaziri, na kila ulipokuwa mkutano wa kuhamisha watu nimeisikia methali ileile: mtaka cha uvunguni sharti ainame. Mara nyingi husemwa kwa nia njema. Barabara itapanuliwa, soko litajengwa upya, mtaa utapangwa vizuri, kwa hiyo wenzetu fulani wavumilie. Watu hupiga makofi kwa sababu methali ni ya kweli. Hakuna aliyepata kitu cha maana akiwa amekaa kitako.

Lakini methali hiyo inamsema mtu mmoja. Anayekitaka ndiye anayeinama, na akishakitoa uvunguni ni chake. Sisi katika jiji hili tumeigawa kwa watu wawili: mmoja anataka, mwingine anainamishwa, na aliyeinamishwa akiinuka anakuta chumba kimeshafungwa. Mimi ni mfanyabiashara wa vyombo vya nyumbani, sufuria, ndoo, mabeseni na chupa za chai, jumla na rejareja. Nimezaliwa Kariakoo miaka ya sitini na duka langu lipo palepale nilipozaliwa. Mgawanyo huo nimeuona ukifanyika mlangoni kwetu, na upande uliopata nilikuwamo.

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa nyumba ya Kiswahili: vyumba sita, vitatu kila upande, ukumbi katikati kutoka barazani hadi uani, na kule uani jiko, choo, bafu na banda la vyumba viwili. Bibi alikaa chumba cha mbele, na sisi wajukuu tukalala alikotupangia. Vyumba vilivyobaki vilikuwa vya wapangaji. Palikuwa na mwalimu mstaafu aliyetusomesha hesabu bure jioni. Palikuwa na mama wa maandazi aliyewasha jiko lake la mkaa saa tisa usiku ili wachukuzi wa sokoni wakishuka na magunia wakute chai tayari. Banda la uani walikaa vijana wa Kigoma waliosukuma mikokoteni, watatu chumba kimoja, wakilala kwa zamu. Barazani alikaa fundi cherehani ambaye hakuwa mpangaji wa chumba. Alilipa kidogo kwa nafasi ya kuweka mashine yake, na usiku aliiingiza ukumbini.

Nazitaja nafasi hizo moja moja kwa sababu maghorofa yalipokuja hakuna aliyezihesabu. Kariakoo ya nyumba za chini ilikuwa mahali ambapo mtu wa kipato cha chini kabisa aliweza kulala hatua chache kutoka kazini kwake. Mchukuzi hakulipa nauli. Mama wa maandazi hakulipa nauli. Chakula cha jiji kilifika sokoni alfajiri, na waliokishusha na kuwalisha walioshusha waliishi mitaa ya Sikukuu, Mafia, Swahili na Mkunguni. Bei ya nyanya mezani kwako Masaki au Sinza ilikuwa na chumba cha uani ndani yake.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kiwanja cha Kariakoo kilianza kupanda bei kwa kasi ambayo hatukuwahi kuiona. Mpango wa mji uliruhusu majengo marefu, mizigo kutoka Dubai na Guangzhou ikawa mingi, wateja wakaanza kuja kutoka Lubumbashi, Lusaka na Lilongwe. Kila baada ya Ijumaa alikuja dalali mpya barazani kumsalimia bibi. Bibi alikataa mpaka alipofariki. Warithi tulikuwa wengi, nyumba ilikuwa imechoka, na mwaka 2007 tukakubaliana na mjenzi kwa utaratibu ambao familia nyingi za hapa zimeufuata: kiwanja chetu, fedha zake. Alipomaliza sisi tukapata fremu moja ya chini na nyumba mbili za juu, zilizobaki zikawa zake.

Mkataba ule umetulea. Umesomesha watoto, umemtibu kaka yangu, na leo nauza ndoo chini ya zege hilohilo. Kwa hiyo silipigi vita ghorofa. Choo cha shimo cha uani kilikuwa hatari kwa watoto, paa lilivuja, na masika maji yaliingia ukumbini. Nani anayetaka kurudi huko? Ila wapangaji walipewa notisi ya miezi mitatu na kurudishiwa kodi waliyokuwa wamelipa mbele, basi. Kisheria tulikuwa safi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba ya mwaka 1984, ambayo angalau ilimpa mpangaji mahali pa kulalamika, ilikuwa imeshafutwa mwaka 2005. Hakuna karatasi yoyote iliyotutaka tujue wanaondoka kwenda wapi.

Mwalimu alirudi kwao Masasi. Vijana wa mikokoteni walitawanyika. Mama wa maandazi alihamia Chanika, na kwa muda aliendelea kuja kwa gari la kwanza la alfajiri, lakini chai ya saa kumi na mbili na nusu haina mteja Kariakoo. Mchukuzi ameshakunywa kwingine saa kumi. Biashara yake iliyodumu miaka mingi ilikufa kwa sababu ya kuchelewa saa mbili na nusu. Fundi cherehani hakupewa hata notisi, maana kwenye hesabu za nyumba hakuwemo.

Ninachotaka msomaji akipime ni hiki. Kilemba cha fremu moja tu ya ghorofa lile, kile alicholipwa mjenzi kabla hata kodi haijaanza, kingeweza kuwalipia wapangaji wetu wote kodi ya mwaka mzima Mbagala au Gongo la Mboto na fedha ikabaki. Mradi ule usingekwama. Ungechelewa pengine wiki mbili. Hasara iliyowaangukia watu wale haikuwa sharti la ghorofa kusimama. Iliwaangukia kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuuliza.

Kwa sababu hiyo, mtu akiniuliza kama maendeleo lazima yaje na watu kujitoa mhanga, namwomba kwanza atenganishe hasara mbili. Ipo ambayo kazi yenyewe inaidai: huwezi kujenga mahali penye nyumba bila nyumba kuondoka. Na ipo inayoongezwa juu yake na haraka, uchoyo, uzembe au ukimya wa ofisi. Tukizichanganya, ya pili hujificha nyuma ya ya kwanza, na aliyeisababisha anapewa heshima ya mleta maendeleo.

Tazama soko letu. Jengo kubwa la Kariakoo, lenye paa la miavuli ya zege, lilichorwa na Beda Amuli, msanifu wetu wa mwanzo kabisa, na Mwalimu Nyerere alilifungua Desemba 1975. Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 liliungua. Wafanyabiashara wake, wa juu na wa shimoni, waliambiwa waende masoko mengine kwa muda, Kisutu na kwingineko. Serikali ikatoa zaidi ya shilingi bilioni 28 kulikarabati na kujenga jipya pembeni yake. Kuondoka kulikuwa lazima, hakuna anayebishana na jengo lililoungua. Kazi ilianza mapema mwaka 2022. Mwaka huo ukaisha, 2023 ukaisha, 2024 ukaisha, na bado mwenye meza ya viungo aliyezoea wateja wake wa miaka ishirini alikuwa ugenini, akiwapoteza mmoja mmoja. Kila ulipouliza uliambiwa uvumilivu ni sehemu ya maendeleo. Miezi ya mwanzo, sawa. Miezi iliyotokana na ratiba kusogezwa ni deni la aliyeisogeza, na sijawahi kusikia popote mwenye meza akipunguziwa hata ushuru kwa ajili ya kucheleweshwa.

Wamachinga nitawasema kwa uangalifu, maana mimi ni mwenye fremu na nina maslahi. Kabla ya mwisho wa 2021 Mtaa wa Congo ulikuwa haupitiki. Meza zilifika katikati ya barabara, gari la zimamoto lisingeweza kuingia, na sisi wenye leseni tuliziba masikio kwa vipaza sauti kuanzia asubuhi. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza Septemba mwaka huo wapangwe upya bila kutumia nguvu, na ndani ya wiki chache njia zikawa wazi. Nilifurahi, sitaficha. Baada ya wiki chache mauzo yangu ya rejareja yakashuka. Machinga aliyesimama mbele ya duka langu ndiye aliyekuwa akichukua mabeseni yangu kwa mali kauli asubuhi na kunirudishia fedha jioni. Ndiye aliyekuwa akimshika mteja mkono na kumwingiza ndani. Alikopelekwa hapakuwa na mteja. Wengi wao walikuwa wamelipa shilingi 20,000 za kitambulisho cha mjasiriamali kilichotolewa tangu Desemba 2018, wakaamini kimewapa haki ya kukaa walipokaa. Ndani ya muda mfupi wengi walikuwa wamerudi barabarani, na jiji limeendelea kuwaondoa na wao kurudi.

Upangaji wa wamachinga ulikuwa na lengo la haki. Ungefanikiwa zaidi kama hesabu ya wateja ingefanywa kabla ya hesabu ya meza: mabasi yanashusha wapi, watu wanatembea njia gani kutoka Gerezani hadi Msimbazi, mtaa upi ufungwe kwa magari kuanzia saa ngapi. Hayo yote yanajulikana na muuza maji wa barabarani. Yeye hakuitwa kikaoni.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo bado linanitetemesha. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka eneo la Mtaa wa Mchikichi na Congo, watu wakiwa ndani wamefungua maduka. Kwa siku kadhaa waliokolewa zaidi ya 80. Waliofariki walizidi 25. Baadhi ya walionaswa chini walikuwa wakipiga simu kwa ndugu zao kutoka gizani, na ndugu walisimama nje ya uzio wakiwajibu mpaka betri zilipokwisha. Tuliwaaga Mnazi Mmoja. Mashuhuda walieleza kwamba kazi ya ujenzi ilikuwa ikiendelea sehemu ya chini ya jengo. Chanzo na hatia ni vya mahakama. Mimi nasema kile kila mwenye fremu hapa anakijua: mita moja ya mraba ya chini au ya shimoni Kariakoo ina thamani kubwa, na tumeona watu wakichimba, wakipanua, wakiondoa ukuta, huku biashara inaendelea juu yao na wapangaji wakiogopa kuuliza wasije wakanyang'anywa fremu.

Na haikuwa mara ya kwanza. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013 jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka na kuua watu 36, miongoni mwao watoto waliokuwa wakicheza jirani. Ilitakiwa siku ile iwe ya mwisho. Tume ziliundwa, majengo yakakaguliwa, na baada ya miaka kumi na moja tukarudi kuhesabu maiti umbali wa kutembea kwa miguu kutoka palepale. Nimesikia msibani, tena kutoka kwa mtu mzima mwenye heshima zake, kwamba miji yote mikubwa imepitia haya. Naikataa kauli hiyo kwa nguvu zangu zote. Kijana aliyekuja kununua simu ya jumla apeleke Songea hakutoa chochote kwa ajili ya jiji. Alinyang'anywa. Nondo za kutosha, mkaguzi asiyenunuliwa na amri ya kufunga duka wakati fundi anachimba haviwezi kuchelewesha maendeleo ya taifa lolote.

Wapo wanaodhani kwamba Watanzania ni wazito wa kujitoa, ndiyo maana lazima wasukumwe. Wanaosema hivyo ama walikuwa wadogo, ama wamesahau. Idi Amin alipoivamia Kagera Oktoba 1978 nilikuwa binti wa shule. Magari ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari na chakula, na wenye magari hawakugoma. Vijana wa mitaa hii walijiandikisha. Aprili 1979 Kampala ikaanguka, na Mwalimu akatuambia vita imekula hazina, tufunge mikanda miezi 18. Tukafunga. Tulipanga foleni ya sukari na sabuni tangu alfajiri, na mama yangu alikata kipande cha mche wa sabuni kwa uzi ili kila mtoto apate sehemu ya kufulia sare. Miaka iliyofuata tulikula ugali wa unga wa njano wa msaada, ule ambao mji mzima uliuita unga wa Yanga, na mashabiki wa Simba waliula vilevile.

Kwa nini tulikubali? Sababu ilijulikana na kila mtoto. Muda ulitajwa kwa tarakimu. Na aliyeomba hakuonekana akishiba wakati sisi tunafunga. Kilichotuvunja moyo ni kwamba miezi 18 ilipita na mkanda haukulegezwa. Zilikuwapo sababu nzito: Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika 1977, bei ya mafuta ilipanda, mazao yetu yalishuka bei, viwanda vikakosa vipuri. Hatukurudishiwa hesabu. Hakuna aliyerudi kutuambia ile tarehe imepita, hili limeshindikana kwa sababu hii, tunaomba tena kiasi hiki. Ndipo magendo yaliposhamiri na watu wakaacha kuamini foleni. Mimi sihesabu miaka ile kuwa aibu. Ninaihesabu kuwa ushahidi kwamba watu wa nchi hii huombwa wakatoa, na huchoka pale wanapochukuliwa kuwa kisima kisichokauka.

Jina la mtaa wenyewe tunaoishi lilianza na watu ambao hawakuombwa. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza Waingereza waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi, waliokusanywa kutoka pande zote za Afrika Mashariki kubeba risasi na unga kuwafuata Wajerumani porini. Walikufa kwa maelfu mengi, zaidi kwa kuhara, malaria na njaa kuliko kwa risasi, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao. Mwaka 1927 ikasimamishwa ile Sanamu ya Askari katikati ya jiji, ikiwa na maandishi kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili yanayowasifu wapagazi na kuahidi kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Jina la mpagazi halikuandikwa hata moja. Napita pale nikienda Posta na kila mara nafikiria kuwa shaba hiyo ingeuzwa, mishahara ikalipwa, ingekuwa heshima kubwa zaidi.

Lakini tunajua kufanya vizuri tukitaka, na mfano upo ng'ambo ya Jangwani. Bonde la Msimbazi hufurika, na watu walioishi humo walikuwa katika hatari ya kweli. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 baadhi walipewa viwanja Mabwepande. Desemba 2015 yakaja matingatinga: nyumba zikapigwa X nyekundu, zikavunjwa, watu wakalala nje na magodoro yao wakati wa mvua. Miaka michache baadaye, bonde lilelile na lengo lilelile la kuokoa maisha na jiji, ukaja mradi wa kuliendeleza kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Safari hii wathamini walipita nyumba kwa nyumba, majina yakaandikwa, watu wakalipwa kwanza ndipo nyumba zikavunjwa, hata wale ambao hawakuwa na hati. Manung'uniko yalikuwepo, hasa juu ya udogo wa malipo ya ardhi, na mengine yalikuwa ya haki. Hata hivyo linganisha familia iliyotoka ikiwa na fedha za kuanzia Kinyerezi na ile iliyoamshwa na tingatinga. Mto haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba mkopeshaji aliweka sharti. Inaniuma kwamba sharti la kumheshimu mkazi wa Jangwani lilibidi litoke Washington wakati lingetosha kutoka ukumbi wa Karimjee, hapa hapa jijini.

Au tazama Magomeni Kota. Kaya 644 zilihamishwa kutoka nyumba za serikali za zamani, nyumba zikavunjwa, kisha eneo likakaa majani kwa miaka huku wenyewe wakihangaika na kodi mitaani. Mwaka 2016 Rais Magufuli aliagiza wajengewe upya na kuahidi wataishi miaka 5 bila kodi. Machi 2022 Rais Samia alizindua maghorofa yale, na wahamishwaji wakaingia. Muda uliopotea katikati haurudi, na wapo wazee waliokufa wakisubiri funguo. Ila watu walewale kurudi palepale, juu ya ardhi ghali, ndani ya jengo jipya, ni jambo lililofanyika hapa hapa Dar es Salaam. Mtu asiniambie haliwezekani Kariakoo.

Nitaambiwa kwamba nikimlipa kila mpangaji, kila mama lishe na kila fundi wa barazani, miradi itakuwa ghali na mingine haitajengwa. Jibu langu ni la kibiashara, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Gharama hiyo ipo tayari. Mama wa maandazi aliilipa yote, kwa mtaji wake na kwa usingizi wake. Tunachobishania ni nani aibebe, yeye mwenye jiko moja au jengo lenye fremu arobaini. Mradi ambao faida yake inapatikana tu endapo maskini watano watabebeshwa hasara yake haukuwa na faida. Ulikuwa na watu wa kuwaegemea. Duka likiendeshwa hivyo tunaliita wizi.

Sheria tunazo za kuanzia. Kanuni za fidia za mwaka 2001 chini ya Sheria ya Ardhi zinamtambua anayetwaliwa ardhi na serikali: thamani ya ardhi na nyumba, posho ya usumbufu, usafiri wa tani 12 kwa kilomita 20, kodi ya miezi 36 ya mahali pa kukaa, faida ya miezi 36 kwa mwenye biashara. Aliyeziandika alielewa vizuri kwamba kuhama kunaua biashara na kwamba mtu anahitaji pa kulala siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba mlango wake ni umiliki. Mpangaji wa miaka ishirini anakuta umefungwa. Na pale ambapo mjenzi ni mtu binafsi aliyekubaliana na warithi, kama sisi mwaka 2007, hakuna mlango kabisa. Katika maeneo yenye fedha kama Kariakoo, sehemu kubwa ya watu huhamishwa kwa njia hii ya pili, kimyakimya, nyumba moja baada ya nyingine, bila mkutano wa hadhara na bila mwandishi wa habari.

Sidai miezi 36 kwa kila mpangaji wa kila nyumba. Nadai miezi 12 ya kodi ya chumba cha aina ile kwa aliyekaa zaidi ya miaka miwili, ilipwe na mjenzi kabla hajavunja. Kwa aliyefanyia biashara barazani au uani, nadai nafasi ya kwanza ya kupanga chini ya jengo jipya, hata iwe ya mita mbili pembeni ya ngazi. Kwa kazi yoyote ya kuchimba chini ya jengo linalokaliwa, jengo lifungwe, na mwenye nyumba awalipe wapangaji kwa siku walizofungiwa. Hili la mwisho nalitaka liwe la jinai.

Kwenye mtaa wetu imebaki nyumba ya Kiswahili moja, kona ya pili kutoka kwangu. Madalali wameanza kukaa barazani kwake na warithi wameanza kuitana kwa vikao. Ndani wanaishi wapangaji wanane na watoto wao, pamoja na mama anayepika wali na maharage uani ambaye nusu ya wachukuzi wa soko jipya wanamtegemea. Nimeshazungumza na mkubwa wa warithi, na amenisikiliza vizuri, akaniuliza kwa nini familia yao iwe ya kwanza kulipa kile ambacho yetu haikulipa. Swali lake ni la haki, na halijibiwi na huruma ya jirani. Linajibiwa na kanuni inayomhusu kila mwenye kiwanja. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa analo daftari la wakazi. Majina ya wapangaji wale yamo, na tarehe walizoingia. Siku Halmashauri ya Jiji itakapoletewa ramani ya ghorofa la kona ile ili igonge muhuri, idai na daftari hilo liambatanishwe, kila jina na kiasi alicholipwa na sahihi yake. Ramani isiyo na karatasi hiyo irudishwe dirishani.